Jani la Isale kwa Diski Iliyofutwa

Nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi hadi nikaanza kuamini kwamba kila kitu chenye umeme kinanijua. Mke wangu anaufahamu vizuri ugonjwa huu. Pasi ya mama ilikufa mikononi mwangu, redio yetu ikafuata, na friji ilinusurika kwa sababu tu aliniwahi nikiwa nimeshika bisibisi. Kwa hiyo nilipotangaza mezani kwamba naongeza diski kwenye kompyuta yangu, hakubisha. Alivuta tu ungo wake wa maharage na kuusogeza upande wa pili wa meza.

Kompyuta yenyewe ni ndogo, haizidi kitabu cha nyimbo za kanisani, nayo hukaa chini ya televisheni hapa kwetu Moshi mjini. Ndani yake kulikuwa na diski mbili: moja ya kuendeshea mashine, nyingine ya kuhifadhia vitu, na palibaki nafasi ya kuweka ya tatu. Ile ya kuhifadhia vitu ilikuwa imejaa. Imejaa nini? Mechi za mpira ambazo matokeo yake nayajua, video za harusi za watu ambao wengine wameshaachana, na sauti za mama.

Hizo sauti lazima nizieleze. Dada yangu mkubwa anaishi nyumbani Kibosho, kwenye kihamba, shamba la urithi la wazazi, na ndiye aliyemtunza mama hadi mwisho. Katika miaka miwili ya mwisho, kila Jumapili baada ya misa, alikuwa akiweka simu mezani, anamwacha mama aongee: habari za migomba, za mavuno ya kahawa, za babu zetu waliogombana kwa ajili ya mfereji wa maji, na nyimbo za Kichagga ambazo sisi tunajua viitikio tu. Kila baada ya miezi michache alinikabidhi sauti hizo nizitunze, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu wa ukoo. Mama alifariki mwaka jana. Misa ya kumbukumbu ilikuwa ifanyike Jumamosi ile, ndugu wote wanapanda mlimani, na dada akanipigia simu mapema.

"Mwalimu, chagua moja nzuri. Tuwasikilizishe watu baada ya chakula."

Mtu mwenye akili timamu angefuta mechi za mpira, akapata nafasi, akalala. Mimi nilikwenda dukani. Nilitaka zile sauti zipate diski yake peke yake, mpya, ya zile za kisasa zisizozunguka, ili Jumamosi niweze kusema mbele ya wajomba, kana kwamba hakuna aliyeniuliza, jinsi nilivyozipanga. Ile ya zamani nayo ilikuwa ya aina hiyo hiyo. Muuzaji aliniuliza kama sitaki kubwa zaidi. Nikamwambia hapana, nataka iwe sawasawa na ile niliyo nayo, kiwanda kile kile, ukubwa ule ule. Nilipenda zifanane, kama sare za harusi.

Jumatano mchana nikafungua mashine. Skrubu zake ni ndogo kuliko punje ya ulezi, na moja ikaruka. Nilipiga magoti, nikaenda kuleta sumaku ya maabara, nikapapasa sakafu nzima huku nikieleza kwa sauti kanuni za uga wa sumaku. Mke wangu, aliyekuwa akichambua maharage ya kiburu, yale ya kupika na ndizi, akainua kitu kutoka kwenye ungo.

"Hii ni ya kompyuta au ni ya kiburu?"

Nilimshukuru kwa heshima zote. Diski ikaingia mahali pake, mashine ikawaka, nami nikajisikia mtu.

Diski mpya haipokei kitu mpaka uifomati, yaani uisafishe na kuipanga kwanza. Kwenye skrini zikajitokeza diski mbili za ukubwa mmoja, za kiwanda kimoja, zimekaa kama pacha. Nikachagua. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika, ikasema kila kilichomo kitafutika. Kila muhula huwa nawafokea wanafunzi wanaojibu swali kabla ya kulisoma. Nikabofya "Ndiyo."

Nilipotaka kuhamisha sauti za mama ndipo nilipoelewa. Diski mpya ilikuwa haijaguswa. Ya zamani ilikuwa nyeupe pee.

Nilikimbilia kwa fundi wa mjini nikiwa nimevaa ndala zisizofanana. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Aisee mwalimu, ingekuwa zile za zamani zinazozunguka ningehangaika nayo. Hizi ukishazifuta zinajisafisha zenyewe. Pole sana."

Pole ile ilikuwa ya msibani, na niliogopa. Niliogopa kama nilivyoogopa nilipokuwa mdogo nikavunja chungu cha baba cha mbege, pombe yetu ya ndizi.

Kwetu Wachagga, ukimkosea ndugu kosa zito unamwendea na jani la isale, lile jani refu la kijani la mmea tunaoupanda mipakani. Anayeletewa isale hakatai kusamehe. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona likipelekwa na wengine, walevi na wagomvi, na moyoni nilikuwa nikiwahukumu. Alhamisi asubuhi nilikata moja kwenye ua wa jirani, nikalifunga fundo, nikalificha ndani ya koti. Ncha ikachungulia shingoni. Dereva wa bodaboda alinitazama kwenye kioo njia nzima ya mashimo ya kwenda Kibosho, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mzee, umemkosea nani?"

Dada alikuwa jikoni akimenya ndizi za mtori. Nilisimama mlangoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Na hilo jani?"

Hotuba niliyoiandaa njiani ilinitoka yote kichwani. Nikalishika kwa mikono miwili, nikamnyooshea. "Dada, nimefuta sauti za mama. Zote."

Akaweka kisu chini, akafuta mikono polepole. Hakunitazama mimi, alitazama jani.

"Umelitoa wapi?"

"Mjini. Kwa jirani."

"Ulimwomba?"

"Hakuwepo."

"Yesu na Maria! Unakuja kuomba msamaha kwa isale la kuiba, na ua wetu wote huu ni isale?"

Niligeuka nikautazama ua. Nilikuwa nimepita katikati yake sasa hivi. Dada akalipokea jani hata hivyo, akaliweka juu ya meza kando ya ndizi.

"Nimekusamehe. Ningekataaje?" Akanyoosha mkono kabatini, akatoa simu yake. "Zipo humu zote. Wewe nilikuwa nakupa nakala."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwani pasi ya mama aliiua nani?"

Nilicheka, kisha nikalia, sikuweza kuchagua kimoja. Nilimwambia kwamba usiku kucha nilijiona kama mtu aliyemzika mama mara ya pili. Akaniacha nimalize.

"Haya. Sasa chagua, Jumamosi tuweke ipi?"

"Yoyote tu, dada. Zote ni nzuri."

"Wewe unaipenda ipi?"

Nilijua ziko ngapi. Nilijua kila moja ilirekodiwa tarehe gani na ina uzito gani kwenye diski, maana nilizipanga mwenyewe kwenye mafolda. Sikuwa nimefungua hata moja. Nilikuwa nikisema nitazisikiliza nikipata nafasi.

Dada alijua. Sikuona hasira usoni mwake, na ingekuwa afadhali ningeiona. Alitafuta ile ya kwanza kabisa, akabonyeza, akaiweka simu mezani.

Ndani ya simu kuku walilia. Kikombe kikawekwa juu ya meza, meza hii hii. Kisha mama akauliza kwa Kichagga, karibu kabisa, "Na huyo mdogo wako mbona haji?"

"Yuko mjini, mama," ikajibu sauti ya dada. "Ana kazi nyingi na kompyuta yake."

Mama alipiga funda moja.

"Basi mwekee. Atakuja asikilize."

Dada aliendelea kumenya ndizi bila kuniangalia. Mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni na koti langu. Nikalivua, nikavuta kigoda.