Kosa Nililoliona kwenye Karatasi za Kadzo

Alasiri ile siisahau, mwanangu, ingawa leo unaniona bibi mstaafu wa mtaa huu wa Barani, nachambua mchele. Nilikuwa chuo kikuu, mwaka wa mwisho wa hesabu, chumba kimoja na Kadzo, msichana wa Gede. Mmoja wetu tu ndiye angebakizwa asome shahada ya pili. Na Kadzo, jamani, alikuwa akinipita. Nilimwonea wivu.

Tulikuwa tukisoma seti, yaani mikusanyo ya vitu. Ukitaka kujua kama vikombe vinatosha wageni, huna haja ya kuhesabu. Mpe kila mmoja chake, uone nani kabaki mikono mitupu. Hata mikusanyo isiyokwisha hupimwa hivyo, na ajabu ni kwamba mingine ni mikubwa kuliko mingine. Je, kati ya wingi wa namba za kuhesabia na wingi wa nukta za mstari, kuna wingi mwingine? Kanuni zetu za kawaida za seti haziamui ndiyo wala siyo. Kulijua hilo, ilibidi itumike mbinu ya kulazimisha: unachukua dunia ya seti, unaiongezea seti mpya kutoka nje, ukiieleza kipande kwa kipande, kila kimoja kisipingane na kilichotangulia. Dunia inapanuka, kanuni zinabaki vilevile. Na aliyenifafanulia haya ni Kadzo huyo huyo, kwa subira, wala hakunicheka.

Kesho yake ilikuwa zamu yake kuieleza mbinu hiyo mbele ya mwalimu wetu. Alasiri ile ninayokwambia, akaniletea karatasi zake.

"Shoga, nitazamie. Usinionee haya."

Nikaliona kosa, lililompita yeye mwenyewe aliyenifundisha. Ile seti mpya aliitafuta ndani ya dunia ya zamani, na humo haimo! Nikamrudishia.

"Ziko sawa," nikasema. Wallahi, wala sauti haikutetemeka.

Darasani mwalimu akamuuliza, "Seti hii umeitoa wapi?" Kadzo akageukia ubao, akafuta mstari wake wa kwanza, akauandika tena vilevile. Mimi huyo, nikanyoosha mkono nikajibu. Nafasi nikapewa mimi, naye akarudi Gede kufundisha. Siku ya kuagana alinikumbatia, akanipa hongera.

Mwaka huu ndio nimempigia simu nikamwambia.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie."

Miaka yote hiyo! Afadhali angenitukana. Nikamwonea wivu upya, safari hii wivu wa moyo wake.

Nakwambia haya kwa sababu nimekusikia unavyomsema mwenzako aliyekushinda. Mwanangu, akiongezeka yeye, wewe hupungui. Ukiona kosa lake, mwambie kabla hajasimama mbele za watu. Na kama ulishanyamaza, nenda kamwambie leo, usingoje uzee kama mimi. Mwenyezi Mungu akusafishe moyo, akupe elimu yenye manufaa, na akujaalie rafiki usiyeona haya kumtazama usoni. Amin.