Buibui Aliyetulia

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mjukuu wangu Kendi, ni ile asubuhi niliyomnyunyizia buibui maji, nikamshukuru Mungu kwamba ametulia. Nitakusimulia yote. Lakini kwanza tuongee kuhusu friji yangu.

Jana nilifungua friji nitoe maziwa ya chai, nikakuta kopo la siagi lenye vunjajungu wawili wamelala chali. Nusura niite majirani. Nawe uliporudi ukaniambia bila kupepesa macho, "Cucu, tulia, hawajadedi. Nimewapoza kidogo tu ndio waache kusonga, nipige picha kali." Ukanionyesha simu yako na kale kalenzi unakokabana mbele yake. Sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hana nasaha, ana kelele tu. Leo nimepoa kuliko hao vunjajungu wako, basi keti unisikilize.

Unadhani wewe ndiye wa kwanza katika ukoo huu kupenda kupiga picha wadudu? Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa nguo, cherehani yangu ikikaa kwenye veranda ya duka karibu na soko la Gakoromone. Kaka yangu Mwiti, aliyekuwa mwalimu kule Embu, aliniachia kamera yake ya filamu kwa likizo moja. Mtu mmoja alikuwa amenionyesha kwamba ukiichomoa lenzi ukaigeuza nyuma mbele, kitu kidogo huonekana kikubwa ajabu. Nikaigeuza, nikaifunga kwa utepe wa kushonea, nikamtazama inzi. Mwanangu, nilishtuka. Inzi ana macho yaliyofumwa vizuri kuliko shela yoyote niliyowahi kushona! Tangu siku hiyo sikuwa na raha tena na vitu vikubwa.

Ikawa duka moja la kusafisha picha mjini Meru limebandika tangazo: atakayeleta picha nzuri kupita zote ya msimu wa mvua atapewa kamera. Nililisoma mara mbili. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na Mwiti angekuja kuchukua kamera yake. Bila ile ya zawadi, ningerudi kumwangalia inzi kwa macho matupu, na sikujua ningewezaje. Nikafunga cherehani, nikaenda Ruiri kwa nyanya yangu Kagendo, mama yake baba. Nilimwambia nimekuja kumsaidia kupalilia maharagwe. Huo ulikuwa ukweli nusu.

Nyanya yangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akipalilia akiwa amepiga magoti juu ya gunia kuukuu, kwa kuwa mgongo ulimsumbua. Siku ya kwanza nikaona ameacha ukingo mmoja wa shamba, magugu yamejaa, na yeye hakuwa mvivu. Nikamuuliza. Akanivuta mkono, akanionyesha tundu dogo kwenye udongo, limezungushiwa nyuzi mdomoni. Buibui wa kahawia akatoka kidogo, mgongoni amejaa watoto, wadogo kama mbegu za wimbi.

"Huyu ni mpangaji yangu," akasema. "Anakula wale wadudu wanakula maharagwe. Hiyo ukingo nimemwachia mpaka watoto washuke. Wewe mwari, usimsumbue."

Nikasema sawa, nyanya. Moyoni nilikuwa tayari nimeiona kamera mpya shingoni mwangu.

Asubuhi tatu nilimwendea, na asubuhi tatu alikimbia. Kivuli changu kikimgusa tu, huyo, ameingia ndani. Nilikuwa naenda nimesimama, nainama kidogo, nabofya, narudi kunywa uji. Isitoshe mvua ilikuwa imekatika wiki hiyo, jua likawaka, na mimi nilitaka matone. Picha ya msimu wa mvua bila tone la maji, nani angeiangalia?

Ndipo nikapata akili, au nilichokiita akili. Nyuma ya jiko palikuwa na bomba la mgongoni ambalo amu yangu alitumia kunyunyizia nyanya zake dawa. (Nyanya za kula, usicheke.) Nikalisuuza mara mbili, nikanusa, sikusikia harufu. Nikalijaza maji safi ya tanki. Siku ya nne buibui alipotoka, nikamnyunyizia kutoka mbali, ukungu mwembamba, kama manyunyu. Alikimbia hatua mbili. Akasimama. Hakuingia tundu.

Nikasema, asante Mungu, leo ametulia! Nikasogea mpaka lenzi ikakaribia kumgusa. Matone yamekaa kwenye vinyweleo vyake, watoto wote mgongoni, jua linapiga kwa upande. Nilimaliza filamu, nikapanda gari siku hiyohiyo kwenda mjini kuisafisha, nikasubiri siku mbili kwa shangazi. Picha zilipotoka nilibusu bahasha pale dukani.

Tangazo lilikuwa linafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ningeiacha picha palepale, na huenda sasa ningekuwa nakusimulia hadithi nyingine, ya uongo. Lakini nilitaka nyanya aione kwanza, anisifu. Nikarudi Ruiri. Alikuwa anapepeta maharagwe. Akajipangusa mikono kwa leso, akaichukua picha, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Hii miguu," akasema.

"Miguu ni mizuri, nyanya?"

"Amekunja yote kwa tumbo. Buibui mzima hasimami hivi. Huyu amekufa." Akanirudishia picha. "Ulimfanyia nini?"

Nilimwambia. Ningeweza kudanganya, lakini harufu ya dawa ambayo sikuisikia siku ile niliisikia pale, nakuapia. Nyanya hakunigombeza. Hakulia, hakunipiga. Alisimama, akaleta lile gunia na jembe dogo, akaviweka miguuni pangu.

"Basi enda upalilie ile ukingo. Hakuna mtu anaishi huko sasa."

Mwanangu, nimewahi kufokewa na wateja, na mkwe, na wahubiri, lakini hakuna maneno yaliyowahi kunipata kama hayo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilivunjika siku hiyo ingawa nilitembea nalo mpaka shambani. Mama alikuwa palepale, amekauka, na watoto juu yake. Nilipiga magoti nikapalilia ukingo ule nikilia, na mvua ikaanza kunyesha, ile mvua niliyokosa subira ya kuingoja.

Karibu na mwisho wa ukingo jembe lilikaribia kugonga tundu lingine. Nikalisimamisha. Buibui mwingine alikuwa mlangoni, amebeba kifuko cheupe cha mayai nyuma yake. Alinitazama. Hakukimbia. Nikajiuliza kwa nini, kisha nikaelewa: nilikuwa chini. Kivuli changu hakikumfikia.

Hapo ndipo nilipoamua. Nilikuwa nimebakiwa na filamu moja. Nikasema sitampelekea mtu yeyote picha ya maiti, na sitaondoka Ruiri kabla ya kumpiga picha huyu akiwa mzima, watoto wakiwa mgongoni, hata kama ni kwa ajili ya macho yangu peke yangu. Kila alfajiri nilivaa gambuti za nyanya, nikachukua gunia, nikapiga magoti kwenye tope. Ijumaa ikaja, mayai bado. Nilijua dukani wanafunga tangazo saa hiyo, na nilikaa palepale. Iliniuma sana, sitakuficha. Baadaye nilisikia aliyepewa kamera ni mtu aliyepiga picha ya upinde wa mvua.

Jumapili Mwiti alikuja kuchukua kamera yake. Nilimwomba asubiri amalize chai. Nikakimbia shambani. Watoto walikuwa wametoka usiku ule! Nilibakiwa na picha nne. Nikabana pumzi kama mtu anayetia uzi kwenye sindano, nikasogea kwa magoti, unene wa ukucha mbele, unene wa ukucha nyuma. Tatu ziliharibika. Ya nne ndiyo ile unayoiona juu ya cherehani yangu, uliyoniuliza kwa nini nimeweka picha yenye tope na mguu mmoja wenye ukungu. Nilishona miaka sita kabla sijapata kamera yangu mwenyewe. Hiyo picha ndiyo iliyonishikilia.

Sasa nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mhenga hakusema mtaka cha mvunguni akigandishe. Kiumbe kinachotulia kwa sababu umekitesa hakijakupa picha, umekinyang'anya, na miguu yake itakusema mbele ya mtu yeyote anayejua kuangalia. Njia ya mwongo ni fupi. Ile nyingine ni ndefu na ina matope, lakini nimeipita na magoti yangu yapo, yanauma tu kukiwa na baridi.

Kopo lako nimelifungua nikaliweka dirishani. Vunjajungu mmoja ameshaenda zake. Mwenzake hajasogea tangu asubuhi, nawe utakaa naye mpaka tujue. Gunia liko nyuma ya mlango, ni lilelile la nyanya Kagendo, nimelitia viraka mara tatu. Lichukue. Mungu akupe magoti imara na jicho lisilo na haraka, na kila kiumbe kidogo utakachokiinamia kikuone nacho, kisikimbie.