Maneno ya Mke wa Fundi Miwani

Fundi miwani alikuwa na rafiki mmoja tu wa kumwita rafiki: daktari wa meno mwenye kliniki ghorofani, juu ya duka lake. Kila Jumamosi, wagonjwa wakishaondoka, walikaa kwenye benchi la kungojea, wakaweka ubao katikati na kushindana kupanga maneno ya Kiingereza kwa vijibao vya herufi. Hawakuwa mabingwa. Walicheka kuliko walivyocheza.

Jumamosi moja ya mvua, mke wa fundi, mwalimu wa hesabu, akapanda ngazi kumletea mumewe mwavuli. Akakaa kungoja, akatazama, akaomba kujaribu. Haikuchukua muda akawa ameshika maneno ambayo hata Waingereza wenyewe wengi hawajayasikia: "cwm", aina ya bonde, halina irabu hata moja, "zax", kishoka cha waezeka mapaa, "qi", nguvu ya uhai, lililomwezesha kuitua Q bila kuhangaika kutafuta U. Aliyakariri akipika, akipiga pasi, akisahihisha madaftari. Daktari akawa haishi kumuuliza, "Shemeji, hilo nalo umelitoa wapi?"

Swali hilo lilimkereketa fundi. Miaka yote hiyo, neno lake yeye hakuna aliyeuliza limetoka wapi. Hakumshuku mkewe kwa lolote. Laiti angemshuku, angalau angekuwa na la kusema. Alimwonea wivu kwa maneno yake, akamwonea daktari wivu kwa kuyafurahia.

Akanunua kamusi, akaificha chini ya meza ya kusagia lenzi. Alizama humo hadi akamwekea mteja lenzi ya kulia upande wa kushoto, na mzee wa watu akarudi kulalamika kwamba ngazi zinamkimbia.

Jumamosi ya wiki hiyo mkononi alibakiwa na Q, A na Z, na yote aliyokariri yakamruka. Akapanga "qaz", uso mkavu. Daktari akauliza maana yake. Fundi akasema ni kitambaa cha zamani. Kamusi ya mchezo ilikuwa pale pale, lakini daktari hakuigusa. Alimgeukia mwalimu.

"Lipo," mwalimu akasema, akaandika alama.

Fundi akashinda, na daktari akampongeza kwa kumpigapiga begani. Wakirudi nyumbani, fundi alimuuliza mkewe neno lile alikutana nalo wapi.

"Kwako. Leo."

Fundi akaongeza hatua. Kumbe hata kwa wema amepitwa.

"Usinihurumie tena mbele ya rafiki yangu," akasema.

"Mimi nilidhani siku hizi ni rafiki yetu," mkewe akajibu, bila hasira.

Jumamosi iliyofuata fundi alijifanya ana kazi, akabaki dukani akisugua miwani iliyokwisha kutakata. Alisikia kicheko cha daktari juu ya dari, kisha cha mkewe. Akavumilia, akashindwa, akafunga duka na kupanda.

Walikuwa hawajaanza. Nafasi yake benchini ilikuwa wazi na herufi zake zimeshachotwa, zimefunikwa zikimngoja. Alipanga neno lake la kwanza. Mkewe akalitazama, akafungua kamusi, akalikataa papo hapo.

Alishindwa vibaya. Wivu haukumtoka siku hiyo wala baadaye, ila hakukosa tena Jumamosi.