Mkoromo wa Baba Ulivyomwingiza Bibi Harusi Ukumbini

Wakuu, mimi nimeshuhudia bibi harusi akiingia ukumbini kwa sauti ya mtu anayekoroma.

Siyo kisa cha kuambiwa. Bibi harusi ni dada yangu wa damu, na aliyekuwa kwenye mitambo ni mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye sherehe. Nina laptop moja ya zamani, ya kutumia kipanya. Kioo chake ukikigusa unaacha alama ya kidole, basi. Programu yangu ya muziki nilikuwa naijua kama chumba changu: nyimbo kwenye mistari midogo midogo, vitufe vyote juu, nabofya huku naangalia pembeni.

Dada alinipa onyo moja tu.

"Wimbo wangu wa kuingilia nimeuchagua tangu nasoma. Ukiniharibia, undugu umekwisha."

"Dada, toa wasiwasi."

Basi, mshereheshaji anawaambia watu wasimame, mimi nafungua programu.

Programu imesasishwa. Mistari yangu hamna. Nyimbo zimekuwa matofali makubwa, mawili tu yamejaza kioo kizima. Vitufe vimefichwa, sijui wapi. Chini kumeandikwa: "Telezesha kidole."

Kidole gani sasa? Mimi nina kipanya.

Mlango ukafunguliwa. Dada yuko pale na gauni lake, Baba kamshika mkono.

Nikalikamata tofali la juu kwa kipanya, nikalivuta ili orodha ipande. Likaenda pembeni, likapotea. "Umefuta."

Kumbe kuvuta pembeni ndiyo kufuta. Na kipanya hakiendi wima ukiwa na haraka. Navuta juu, linakwenda kulia. Umefuta. Navuta tena. Umefuta. Kitufe cha kurudisha kinachungulia kidogo halafu kinakimbia.

Nikachanganyikiwa, nikaanza kupapasa kioo kwa kidole kweli. Laptop ikarudi nyuma, kioo wala hakina habari.

Shangazi akaninong'oneza: "Mwanangu, vumbi si ungefuta nyumbani?"

Wimbo wa dada nikauona. Nikaukamata kwa pupa. Ukateleza, ukaenda na maji.

Kwenye kioo likabaki tofali moja. Nikabofya bila hata kusoma.

"Khrrrr... fyuuu. Khrrrr... fyuuu."

Hapa lazima nieleze. Baba yangu anakoroma, na amekataa maisha yake yote. Mama alikuwa amechoka kubishana, akanituma nimrekodi. Nikamrekodi, nikahifadhi humo humo kwenye nyimbo zangu.

Spika zinanguruma.

Mama akasimama meza ya mbele. "Haya, mmemsikia wenyewe. Mwongo nani?"

Nikamtazama dada. Mabega yanatikisika. Nikajua analia, na undugu ndio basi tena. Nilitamani niingie chini ya meza.

Kumbe anacheka, mpaka shela linamvuka. Akamvuta Baba wakaanza kutembea: hatua moja kwenye khrrrr, hatua nyingine kwenye fyuuu. Watu wakapokea kwa makofi, wakienda na mdundo wa pua ya mzee.

Wakati wa chakula nikamfuata Baba, mnyonge.

"Baba, nisamehe. Hata sijui nani kaisasisha hii programu."

Baba akasogeza sahani yake pembeni.

"Asubuhi niliifungua hiyo laptop yako," akasema. "Mama yako alinitishia ataupiga mkoromo ukumbini. Nikasema niufute kimyakimya. Kikatokea kitufe kikubwa cha bluu, nikabonyeza nikijua ndicho cha kufuta."

Nilimwongezea soda.

Ndugu zangu, funzo ninalowaachia ni hili. Programu iliyotengenezewa kidole ukiiendesha kwa kipanya, utafuta usichotaka na kupiga usichotaka, kwa hiyo ifungue kabla watu hawajasimama. Na kama unakoroma, kubali mapema.

Undugu haukuisha. Juzi dada kanipigia simu, nikaogopa kupokea. Alikuwa anaomba nimtumie ule mkoromo. Anasema kule kwake kumetulia mno, usingizi hauji bila kumsikia Baba.