Silabi za Mwalimu

Wifi yangu ni fundi cherehani. Ameshona sare za shule kwa miaka thelathini na miwili katika chumba chenye dirisha moja, na watu humwita Pini, kwa sababu hufanya kazi na pini nne mdomoni na huwajibu wateja bila kuzitoa. Hakuolewa. Ni dada pekee wa marehemu mume wangu, kwa hiyo, nipende nisipende, akijikwaa yeye kidole kinachotoka damu ni changu. Nayaandika haya kwa sababu yameshasimuliwa vibaya na watu ambao hawakuwapo.

Yalianzia kwenye ukumbi wa karaoke uliofunguliwa juu ya duka la vyombo. Pini alikwenda kupeleka mapazia aliyoshona, akakaribishwa kiti, akaimba, na tangu hapo akawa haikosi Jumamosi alasiri. Sikumkataza. Mtu mzima akiamua kupiga kelele hadharani, heri azipige mchana. Lakini yeye alipenda nyimbo za kujibizana, zile ambazo mwanamume huimba ubeti na mwanamke humjibu, na hakuna mwanamume aliyetaka kupanda jukwaani naye. Wa kwanza alisema koo linamwasha. Wa pili alipanda, akamwona mwenzake ni nani, akashuka kwenda msalani na hakurudi.

"Limwanamume zima linajificha chooni kwa sababu yangu!" aliniambia huku akicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Ndipo fundi wa kompyuta, bwana mmoja mwenye upara anayeendesha mitambo ya ukumbi, alipomwonyesha vokaloidi: mwimbaji asiyekuwapo, sauti ambayo kompyuta huiunga silabi kwa silabi, ukaipa maneno na muziki ikaimba. Ziko za kiume na za kike, na watu huzitungia nyimbo za wawili. Fundi akazima ile ya kike, akaacha ya kiume, Pini akawa anajibizana nayo. Alinisikilizisha kwenye simu. Ilikuwa kama nyuki aliyefungiwa chupani, tena nyuki mgeni asiyejua lugha yetu. Nilimwambia azime, chai ilikuwa inanishinda kumeza.

Mwezi uliofuata alikuja kwangu mpole kupita kawaida. "Wifi, niazime zile kanda za kaka. Nimemkumbuka."

Mume wangu alifundisha watu wazima kusoma na kuandika, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Kwa ajili ya wanafunzi wasioweza kufika darasani alirekodi kanda nne: ba, be, bi, bo, bu, hadi silabi ya mwisho, kila moja peke yake, na baada ya kila moja kimya kifupi ili mwanafunzi arudie. Hakuwahi kuimba maishani mwake. Hata siku ya harusi yetu alipiga makofi tu, tena nje ya mdundo. Nilifungua kabati nikampa Pini kanda kwa mkono wangu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Muuza vyombo ndiye aliyenifumbua macho, Jumamosi moja asubuhi. "Hongera, Mama Mwalimu! Leo tunakuja kumsikia Mwalimu akiimba."

Nilikwenda moja kwa moja kwenye cherehani. "Umemfanya nini kaka yako?"

Pini alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kwa ajili ya mtu. "Fundi alitaka sauti inayotamka kila silabi bila kuichafua nyingine. Nani mwingine anayo, wifi?"

"Na anaimba nini?"

"Wimbo wa kujibizana."

"Wa nini?"

"Wa mwanamume na mwanamke unakuwa wa nini? Si wa mapenzi!"

"Wewe ni dada yake!"

"Maneno ya wimbo tu hayo. Mimi nikijibizana naye najiona niko jikoni kwa mama, kaka ananisomesha."

Nilimwamuru ajitoe. Akatikisa kichwa. "Nimeshatangazwa. Nikijitoa leo, watasema hata maiti kanikimbia."

Basi nikaenda, kwa sababu jina linalochafuliwa ni letu na sikutaka kuja kusimuliwa. Zulia lilinata kwenye viatu. Viti vilinuka soda iliyomwagika juzi. Maikrofoni ilikuwa na sifongo iliyolowa, imepita midomo ishirini, nami nilikaa nimekumbatia mkoba wangu nisiguse kitu.

Fundi alikuja akinyenyekea. "Karibu, Mama Mwalimu. Mwalimu ndiye aliyemfundisha mama yangu kuandika jina lake."

"Na hii ndiyo shukrani?"

"Nimemsafisha vizuri sana, mama. Nimeondoa hata kile kikohozi cha kwenye kanda."

Kikohozi hicho nilikiuguza miaka sita.

Muziki ukaanza, na mume wangu akaimba. Kila silabi ilikuwa yake, na sentensi haikuwa yake. Alimwita mtu kipenzi, akamwomba asimwache, kwa sauti ileile iliyosema ba na be, iliyonyooshwa na kupindwa kama waya.

Mbele yangu mwanamke mmoja aliuliza, "Huyo anayemjibu ni mkewe?"

"Mke wapi! Dada yake huyo!"

"Toba! Dada yake?"

Kicheko kikasambaa kiti kwa kiti hadi jukwaani. Zamu ya Pini ilipofika, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Mashine haina huruma. Ilimwacha, ikaendelea, ikamwita tena kipenzi, kisha ikanyamaza kusubiri jibu. Kimya kile nilikijua. Kilikuwa na urefu uleule wa kwenye kanda.

Nilipanda jukwaani nikamnyang'anya Pini maikrofoni. Kama lazima mtu ajibu, basi ajibu mkewe. Maneno yalikuwa kwenye skrini, ya kipuuzi kweli kweli, nami niliyasoma moja moja, kwa matamshi safi, hadi mwisho. Sikuimba. Hakuna aliyecheka.

"Umeingia nje ya mdundo, wifi," Pini alininong'oneza huku machozi yakimtoka.

"Kama kaka yako," nilimjibu, nikaenda kunawa mikono mara mbili.

Fundi aliifuta sauti ile mbele ya macho yangu. Kanda nilizirudisha kabatini, kikohozi na vyote. Siku hizi Jumamosi alasiri Pini huja kwangu, tunafunga mlango, naweka kanda ya kwanza. Nimemruhusu kujibu silabi tu. Kikohozi kinapofika hukirudia nacho, na hilo nalo nimemkataza, lakini hasikii.