Jiwe Lenye Miezi Miwili

Hadi leo nikikiona kijitabu kile nakasirika upya. Nilikiandika mwenyewe, nyumbani Makole, kwa ajili ya klabu za sayansi za shule za msingi. Kilihusu asteroidi, yale mawe yanayolizunguka Jua. Wanafunzi wangu walifurahi mno kusikia kwamba baadhi ya mawe hayo, madogo kuliko wilaya yetu, nayo yana miezi yake kama Dunia. Kuhusu mojawapo nikaandika: “Asteroidi hii ina miezi miwili.”

Mhariri aliyepewa kukisafisha hakunipigia hata simu. Aliiona sentensi imepungukiwa, akaijaza: “Asteroidi hii ina umri wa miezi miwili.” Jiwe la tangu Jua lilipokuwa changa, bwana yule akalifanya mtoto wa kupelekwa kliniki! Nilipokwenda kulalamika aliniambia nisikuze mambo, kitabu kimeshachapwa, na tena nani atafika ukurasa ule.

Waliofika ni waamuzi wa mashindano ya shule. Mwanafunzi wangu, binti wa wakulima wa Kondoa, alibakiza swali moja apate nafasi pekee ya kusomeshwa sekondari ya bweni. Baba yake alishasema bila nafasi hiyo hataweza kumsomesha. Akaulizwa asteroidi ile ina umri gani. Akajibu kwamba ni mabilioni ya miaka, na hiyo miezi miwili ni ile inayoizunguka. Mwamuzi akafunua kijitabu, akampa sifuri.

Nilisimama nikasema kitabu kimekosea. Mwamuzi akageuza jalada, akasoma jina, akanitazama.

“Mwalimu, hiki si chako?”

“Ni changu.”

“Sasa unakikana?”

Ukumbi mzima ukacheka. Nafasi ikaenda kwa mtoto wa shule nyingine, aliyekariri ujinga ule neno kwa neno.

Nje nilifoka mpaka sauti ikakauka. Nilimlaani mhariri, nikamlaani mwamuzi na miwani yake. Binti alisubiri nimalize, mikono nyuma, kama tunavyowafundisha.

“Shuleni kwetu ulitusahihishia kwa kalamu,” akasema. “Wenzetu wa shule nyingine mbona hukuwaambia, mwalimu?”

Sikuwaambia kwa sababu nilisusa. Nilitaka aibu ile imrudie mhariri, nikakaa kimya muhula mzima nikiisubiri.