Mwisho wa hadithi washukia mwisho wa reli

Ni alasiri, jua la Tabora limeanza kulegea, na mbwa wawili wa stesheni wameinuka kivulini kwenda kujilaza pale ambapo behewa la chakula husimama. Treni ya Kigoma bado haijaonekana wala honi haijasikika, lakini Koleta Masanja anaanza kufunga karanga zake haraka haraka.

"Hao mbwa hawakosei," anasema. "Ratiba hukosea, wao hawakosei."

Anachukua kipande cha karatasi, anakisokota mfano wa pembe, anakunja ncha ya chini, anamimina karanga za chumvi na kufunga juu. Mikono inafanya kazi peke yake. Macho yako kwingine, kwenye maandishi, na midomo inacheza kidogo kama ya mtu anayesali.

Leo, hata hivyo, Koleta hajaja kuuza tu. Amevaa kitenge kipya, na miguuni pake kuna begi lililofungwa kwa kamba. Baada ya karibu miaka kumi na minne ya kuuza karanga kwenye madirisha ya treni, atapanda treni hiyo mwenyewe hadi Kigoma. Haendi msibani wala harusini. Anafuata ukurasa wa mwisho wa hadithi.

Ukimwambia kuwa hiyo ni safari ya ajabu, anacheka na kukuelekeza kwa bibi aliyekaa kando yake na kikapu cha visheti. "Muulize huyo. Yeye ndiye aliyeuza mwisho wangu."

Bibi huyo ni Swaumu binti Awadhi, jirani yake wa biashara tangu siku ya kwanza. Anajifanya hakusikia.

Koleta alizaliwa Igalula, kwenye familia ya wakulima wa karanga na mahindi, akaishia darasa la saba. Nyumbani kulikuwa na vitabu viwili: cha nyimbo za kanisani na kimoja cha ufugaji wa kuku ambacho hakuna aliyejua kilikotoka. Alivisoma vyote viwili mpaka akawa anajua dalili za ugonjwa wa mdondo kama anavyojua nyimbo za Krismasi.

Alipoolewa mjini na Lukumani, fundi wa baiskeli, akaanza kuuza karanga stesheni. Karatasi za kufungia alizinunua kwa kilo katika duka la Mzee Akbar, karibu na soko. Mzee Akbar hukusanya kwenye magunia makaratasi ya kila namna, kutoka maofisini na kwenye nyumba za watu wanaohama au waliofariki. Ndani ya magunia hayo ndimo Koleta alimokutana na vitabu.

"Sikuchagua," anaeleza. "Kilo haichagui. Leo unapata kitabu cha nyota, kesho cha mapishi ya Kihindi, keshokutwa mtu ameuawa na hawajui nani kamuua. Vyote nasoma. Hata cha sheria ya ardhi nilikisoma, nikalala mara mbili, lakini nilikimaliza."

Amesoma kuhusu mchwa wanaojenga minara yenye njia za hewa, akaenda kukitazama kichuguu cha nyuma ya nyumba mpaka Lukumani akamuuliza kama amepoteza kitu. Amesoma riwaya za kijasusi, mashairi, historia ya reli, na kitabu cha jinsi damu inavyozunguka mwilini. Kilichomshangaza kuliko vyote ni kitabu cha mimea. Humo alisoma kuwa ua la karanga likishanyauka hutoa kikonyo kinachoinama, kikajichimbia ardhini, na karanga ikakua huko gizani.

"Nimelima karanga tangu sijaota meno ya pili," anasema, na hadi leo mshangao haujamtoka. "Nilijua tu kwamba ziko chini. Sikuwahi kujiuliza zilifikaje huko. Nilipokwenda Igalula nikapiga magoti shambani na kuangalia. Kweli bwana, kale kakonyo kanainama kenyewe!"

Lakini karatasi ni karatasi, na karanga zinataka kufungwa. Ndipo Koleta akajiwekea utaratibu wake: ukurasa hauchanwi kabla haujasomwa. Anasoma kutoka mbele, na akishasoma ndipo anapochana. Kitabu kinaliwa polepole kutoka mwanzo, hadi siku anapomaliza kusoma na kitabu nacho kinakuwa kimekwisha. Kilichobaki ni kile alichokishika kichwani, na hicho humsimulia Bi Swaumu wakati wakingoja treni.

Bi Swaumu alisoma madrasa utotoni na msahafu anausoma vizuri mno, ila herufi za skuli, kama anavyoziita, hakuwahi kufundishwa. Hadithi za magunia ya Mzee Akbar zinamfikia kupitia mdomo wa Koleta, na yeye si msikilizaji mpole. Hukata, huuliza, hugombana na wahusika.

Mapema mwaka huu kilikuja kitabu kisicho na jalada. Hakuna jina la kitabu wala la mwandishi. Kilisimulia nchi ambako kila anayekufa humwachia mlinzi wa lango kivuli chake, na msichana aitwaye Sikudhani aliyesafiri kwenda kukikomboa kivuli cha mama yake.

"Hicho kilitushika," anakiri Bi Swaumu, akisahau kuwa alikuwa hasikii. "Mimi nilikuwa namwambia Koleta, huyo mlinzi si mtu mzuri, mwambie huyo mtoto arudi. Ananiambia, Bi Swaumu, siwezi kumwambia, yumo kitabuni."

Walifika karibu na mwisho. Siku moja Koleta akaenda kuchota maji, akaacha ndoo ya karanga na kitabu. Akiwa bombani treni ikaingia, nayo ilikuwa imewahi, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Abiria wakaanza kuita madirishani. Bi Swaumu akaona biashara ya mwenzake inapotea, akainuka kusaidia.

Alikuwa ameambiwa mara nyingi: chana za mwanzo, za mwanzo nimeshazisoma. Basi akakishika kitabu kama anavyoshika juzuu, mgongo wake mkono wa kulia, akafunua pale ambapo kwake yeye kitabu chochote duniani huanzia. Akachana hapo.

"Mwanzo ninaoujua mimi uko kulia," anasema Bi Swaumu, na sauti yake inashuka. "Nilichana kwa adabu kabisa. Nilisema bismillahi."

Koleta aliporudi na ndoo ya maji, behewa la mwisho lilikuwa linapita. Alikigeuza kitabu, akaona mkia haupo. Jioni hiyo alisoma kurasa chache zilizosalia hadi pale mlinzi anapomwinamia Sikudhani na kumwambia, "Kivuli chako au". Hapo ukurasa ukaisha, na baada yake hapakuwa na ukurasa mwingine.

"Au nini?" anauliza Koleta, akitazama reli. "Nililala na hiyo 'au'. Niliamka nayo. Nakaanga karanga, nasikia 'au'."

Lukumani alimpa pole kama mtu aliyefiwa. Bi Swaumu, aliposikia alichokifanya, alilia, kisha akagundua kwamba na yeye mwisho hataupata, akalia upya. Kwa siku kadhaa aliweka kikapu chake upande wa pili wa stesheni kwa aibu, mpaka Koleta akaenda kumchukua.

"Nilimwambia, Bi Swaumu, rudi. Nikinuna na wewe nitamsimulia nani?"

Aliyesaidia ni Sixbert, mhudumu wa behewa la daraja la tatu. Alipopita tena Tabora, Koleta alimweleza kilichotokea, naye Sixbert akaangua kicheko. "Kwa hiyo mwisho umekwenda mwisho wa reli!" akasema. Hivyo ndivyo watu wanavyoiita Kigoma, na utani huo ulisambaa stesheni nzima siku hiyo hiyo.

Hata hivyo Sixbert hakuishia kwenye utani. Kila safari, kutoka Urambo hadi Uvinza, alipokuwa akipita kukagua tiketi aliuliza kama kuna aliyewahi kununua karanga Tabora zikiwa zimefungwa kwa habari za vivuli. Wengi walimwona kama amechanganyikiwa. Aliokota kipande kimoja kilicholowa mafuta chini ya kiti, kingine akapewa na mwalimu aliyeshuka Kaliua. Havikutosha. Kimoja kilikuwa na maelezo ya mlima tu.

Kisha akampata Mama Doto, mfanyabiashara wa dagaa wa Kigoma. Mama huyo alipoulizwa swali la vivuli, alifungua fundo la khanga yake, akatoa ukurasa uliokunjwa vizuri. Ulikuwa ukurasa wa mwisho kabisa.

Sixbert akanyoosha mkono. Mama Doto akaufunga tena.

Koleta anaisimulia sehemu hii huku akipiga mapaja. "Alimwambia Sixbert: mimi huu nimeusoma mpaka nimeukariri. Najua ilivyokwisha, ila sijui ilivyoanza. Huyu Sikudhani ni nani? Mama yake alikufaje? Kwa nini analia kwa ajili ya kivuli? Mwambie huyo mwenye karanga aniletee mwanzo, nami nitampa mwisho."

Tatizo ni kwamba mwanzo haupo. Koleta aliuchana mwenyewe, kwa mikono yake, akauuza na karanga. Uko tumboni mwa safari za watu, njia nzima. Umebaki kichwani mwake tu.

Hapo ndipo, anasema, kitu kilipomgusa. Miaka yote abiria wamekuwa wakimpigia kelele madirishani treni inapoondoka: "Mama Karanga, iliyobaki iko wapi?" Naye alikuwa akicheka na kuwajibu, "Kula kwanza!" Aliona ni mzaha wa stesheni.

"Kumbe walikuwa wanauliza kweli," anasema. "Mimi niliumia kwa kitabu kimoja. Wao nimewakatia hadithi ngapi? Nilijisikia vibaya sana, sikufichi."

Walipigiana simu, yeye na Mama Doto, bila shaka. Mama Doto ni mchangamfu, na sentensi ya pili tu alikuwa ameshaanza: "Basi sikiliza, yule mlinzi..." Koleta akapiga ukelele, "Usiniambie!" na kukata. Bi Swaumu alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri, na yeye na Koleta walikuwa wameahidiana kuusikia mwisho pamoja. Simu ya pili ilikuwa ya kupanga safari.

Kwa Koleta si jambo dogo. Kuiacha biashara wiki nzima ni pengo nyumbani, na huko magharibi hajawahi kuvuka Urambo. Kwa Bi Swaumu, anayesafiri naye, ni jambo la fahari. Babu wa babu yake, kwa mujibu wa masimulizi ya ukoo, alikuwa mpagazi aliyebeba mizigo kwa miguu kutoka hapa hadi Ujiji.

"Yeye alibeba pembe za ndovu za watu," anasema akinyoosha ushungi wake. "Sisi tunabeba mwanzo. Tena tumekaa."

Njiani wamepanga kuurudia mwanzo huo wote, ili wasifike wamesahau kitu. Bi Swaumu atakuwa akisahihisha. Masalia ya kitabu, sehemu ya katikati isiyo na kichwa wala mkia, yamefungwa ndani ya khanga begini.

Na wakirudi? Koleta ameshaamua. Vitabu havitachanwa tena. Karanga zitafungwa kwa magazeti ya zamani na fomu za maofisini. Vitabu vya Mzee Akbar atavisoma, atamsimulia Bi Swaumu, kisha atamkabidhi Sixbert aviache behewani abiria wasome hadi Kigoma na kuvirudisha.

"Kitabu kitapanda kizima na kitashuka kizima," anasema. "Vitapotea viwili vitatu, najua. Ila atakayekiiba angalau atakuwa na mwanzo na mwisho."

Mbwa wamesimama. Honi inalia, na treni inaingia taratibu, ikiwa imechelewa kama kawaida. Lukumani, aliyefunga kibanda chake cha baiskeli kwa wiki hii, anapokea ndoo ya karanga kwa uso wa mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa jirani. Amepewa magazeti tu. Pembe yake ya kwanza inafumuka chini, na karanga zinamwagikia mbwa.

"Shikamoo Bi Swaumu," anasema Sixbert, akimpokea kikapu mlangoni.

"Marahaba, baba. Nitafutie kiti cha kulia. Huko ndiko kunakoanza."

Koleta anakaa dirishani. Anashika ukingo wa dirisha alilolitazama kutoka chini miaka yote hiyo, anachungulia nje, na kwa mara ya kwanza anaiona stesheni kutoka juu: ndoo, vichwa vya wauzaji, mikono iliyonyooshwa. Anamwita mumewe amuuzie karanga. Lukumani anampa pembe iliyokunjwa vibaya, na bei hampunguzii.

Treni inaanza kuvuta. Koleta anafungua gazeti, anamimina karanga kiganjani, anawahi kusoma. Ni habari ya mzee wa Igunga aliyeamka asubuhi na kukuta ng'ombe wake wote wamesimama wakitazama upande mmoja. Mzee akageuka naye kuangalia, na akaona. Hapo karatasi imechanwa.

Koleta anatoa kichwa chote nje ya dirisha.

"Lukumani! Iliyobaki iko wapi?"

Lukumani anainua ndoo juu ya kichwa, na uso wake wote unacheka.

"Kula kwanza!"